Bendi Iliyosimama Msalabani

Alhamisi asubuhi nilikuta tangazo langu limeandikwa kwa makaa: MSALITI. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, na aliyeziandika alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimelibandika mwenyewe siku nne kabla kwenye mlango wa makumbusho, kwa gundi ya unga wa mahindi. Lilisema kwamba Jumamosi ni Siku ya Makumbusho ya Lachiyú, kijiji chetu. Kwamba asubuhi watoto watafinyanga udongo. Kwamba wazee wataombwa kutaja majina ya watu walio kwenye picha za zamani, wale ambao hakuna anayewajua tena. Na kwamba saa saba mchana kutakuwa na bendi ya wageni. Wageni wa wapi, sikuandika.

Doña Zenaida, mwenyekiti wa kamati yetu, alikuwa amekaa kwenye ngazi na ufunguo mapajani. Nilimwamkia kwa doña, kama tunavyowaita mama wakubwa. Hakuitika. Alimtazama mwanangu aliyelala kwenye mbeleko, miezi minane tu, kama vile naye alikuwa na kesi ya kujibu.

“Wageni gani, Eloína?”

“Wageni wa makumbusho, doña.”

“Hawana kwao?”

Nikaona hakuna pa kujificha. Nikamwambia: Yelaa.

Alikuwa anajua tayari. Yelaa ni kijiji jirani, na jibu lao kwa barua yangu ya kuwaalika lilikuja na dereva wa lori la soda, halikuwa na bahasha, na dereva alilisoma kwa sauti katika kila duka aliloshusha kreti. Lilikuwa na mstari mmoja: barua imefika, Jumamosi tutakuja. Doña Zenaida alilitoa kifuani, akalikunjua, akalikunja tena bila kunipa.

“Mwanangu Abundio ana jicho moja,” akasema. “Lile jingine lilibaki msituni, na waliolitoboa wako Yelaa. Waambie wakija walilete. Tutaliweka kwenye kabati la vioo, na wewe unayejua kuandika utaliandikia kikaratasi.”

Akaingia ndani, akaanza kufagia kwa nguvu, vumbi lote akilielekeza mlangoni nilikosimama.

Ugomvi wetu na Yelaa ni wa msitu wa misonobari. Mawe ya mpaka yalihama, wao wanasema tuliyahamisha sisi, sisi tunasema wao, na mawe hayasemi. Kwa miaka kumi watu wamepigana kwa mapanga kule juu, na kwa miaka sita barabara kati yetu imefungwa kwa magogo, isipokuwa kwa malori ya soda na bia, maana hayo hakuna anayethubutu kuyazuia.

Dada yangu Herminia aliolewa Yelaa kabla ya magogo. Mama yetu, Tomasa, alipofariki mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita, Herminia alikuja kwa miguu na mishumaa na maua meupe mikononi. Wanaume wa zamu walimsimamisha penye msalaba wa kuingilia kijijini, wakamwambia hapiti mtu wa Yelaa. Akasema yeye ni wa hapa. Wakamwambia alikuwa wa hapa. Mama akazikwa bila yeye, na tangu siku ile sikuwahi kumwona.

Kwa hiyo nisidanganye. Ni kweli kwamba mwaka jana mtu wa muungano wa makumbusho ya vijiji alikuja kutufunza, akasema makumbusho yasiyoita majirani hugeuka ghala. Ni kweli nilikuwa na daftari nikaandika kila neno. Lakini nilipokaa kuandika ile barua, niliyekuwa namwona mbele yangu ni Herminia. Mwanawe anapiga klarineti katika bendi ya Yelaa. Niliwaza, bendi ikija, mama za wapigaji huja nayo.

Kazi hii yenyewe sikuiomba, na kwetu hakuna anayeomba. Mkutano wa kijiji unakutaja, unatumikia mwaka mzima bila malipo, basi. Walimtaja mume wangu Gaudencio kuwa katibu wa makumbusho, lakini Gaudencio anapaka rangi nyumba za watu ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, na mume asipokuwepo zamu inabebwa na mke. Wakanipa vyumba viwili vilivyokuwa mahabusu, vichwa vya mawe vilivyofukuliwa mashambani, tandiko la nyumbu, simu ya kwanza ya kijiji, picha mia na kumi, na mhuri. Ule mhuri niliupenda kuliko vyote. Nimesoma darasa la jioni, nikiwa na tumbo la miezi saba nikafanya mtihani wa mwisho, na kitu nilichotoka nacho ni kuamini karatasi. Niliipiga ile barua mihuri miwili, juu na chini, nikampa dereva wa soda.

Hapo ndipo nilipokosea, na don Crisóforo alikuja kunieleza jioni ya siku hiyohiyo ya Alhamisi, jua bado halijashuka mlimani.

Don Crisóforo ndiye kiongozi wa bendi yetu, tangu kabla sijazaliwa. Alikataa kiti. Alisimama uani kwangu, kofia mkononi kwa heshima ya picha ya mama iliyo ukutani, si kwa heshima yangu.

“Bendi haiitwi kwa karatasi,” akasema. “Bendi inaitwa na bendi. Mimi ndiye ningekwenda kwa kiongozi wao, na kikapu cha mkate na chupa ya pombe ya mezcal, nikae, ninywe kwake, naye anywe kwangu. Hivyo ndivyo alivyofanya babu yangu. Wewe umewaita kama watu wanaoitwa kulipa bili ya umeme.”

Nikasema nilidhani mhuri wa kijiji una nguvu zaidi ya kikapu.

“Mhuri wa kijiji umeutumia kumwitia dada yako.”

Akaendelea taratibu, kama mtu anayesoma hukumu aliyoiandika zamani. Wakifika msalabani watasimama, kama inavyopasa. Watapiga wimbo. Bendi ya Lachiyú haitajibu. Watapiga wa pili. Haitajibu. Basi watageuza, kwa sababu bendi isiyolakiwa haiingii, na aibu itakuwa yao ya kugeuzwa na yako ya kuwaita. Vyombo vyote viko kwake chumbani, kamfungia mlango hata mpiga ngoma.

“Wanakuja na watoto, don Crisóforo. Mwendo wa saa tatu kwa miguu.”

“Ungeyafikiria hayo kabla ya kupiga mhuri.”

Alivaa kofia akiwa bado uani. Mtu huyu, asubuhi ya maziko ya mama alikuwa miongoni mwa wale wa zamu waliomrudisha Herminia. Alasiri akamsindikiza mama kaburini kwa tarumbeta yake, na alipiga vizuri mpaka niliona haya kwa jinsi nilivyomshukuru.

Ijumaa nilijaribu kutuma neno Yelaa wasije. Dereva wa soda hapiti Ijumaa. Nilimpigia simu Herminia kwa namba ya zamani, haipo tena.

Jumamosi nilifungua makumbusho saa mbili. Nilikuwa nimepika tamale tangu alfajiri, sufuria tatu kubwa, unga na maharage na nyama ya kuku ndani ya maganda ya mahindi, nikazipanga kwenye ua wa makumbusho juu ya mafiga. Udongo wa kufinyanga niliufunika kwa gunia bichi. Picha kumi na mbili nilizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na chini ya kila moja kipande cha karatasi tupu kinachosubiri jina.

Walikuja watoto sita. Walifinyanga kwa muda wa nusu saa hivi, punda, kombe, kitu kimoja kilichosemekana ni padri. Halafu mama mmoja akatokea mlangoni, akamwita wake bila kuniangalia mimi. Alimfuta mikono kwa sketi yake mwenyewe ili asiombe maji yangu. Wa pili akaja. Wa tatu alisema kwa sauti ya kusikika, akimwambia mwenzake, kwamba mwanawe hachezi kwa watu wanaofungulia adui mlango. Mwishoni ilibaki meza na yule padri wa udongo, amelala kifudifudi.

Wazee walikuja watatu, nadhani kwa sababu ya harufu ya tamale. Mmoja alisimama mbele ya picha ya wanaume wanne wenye mashoka, akaisogelea, akasema yule wa pili ni baba mdogo wa don Crisóforo, na yule wa nne anayecheka ni mtu wa Yelaa, Plácido fulani, walikuwa wakikata miti pamoja. Nilichukua kalamu niandike. Doña Zenaida, aliyekaa pembeni tangu asubuhi, akanyoosha mkono akakivuta kile kikaratasi kwenye kibanio.

“Huyo hana jina,” akasema.

“Ana jina, Zenaida,” yule mzee akasema. “Nimekula kwake.”

“Basi ulikula kwa asiye na jina.”

Yule mzee alichukua fimbo yake, akaenda zake, na wenzake wakamfuata. Tukabaki wawili, mimi na yeye, na mwanangu, na picha zikipeperuka kidogo kila upepo ulipoingia. Nilimnyonyesha mtoto nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mlinzi. Doña Zenaida akaniambia, bila ukali sasa, kwamba mkutano wa Jumapili ijayo vyumba hivi vitapewa chama cha mbolea. Alisema ananiambia mapema nisije kulia mbele ya watu.

Saa saba kasoro tuliwasikia.

Kwanza ngoma kubwa, mbali, halafu matarumbeta yote kwa pamoja. Ulikuwa wimbo wa furaha, wa kuingilia sherehe, na waliupiga safi. Nilitoka mbio hadi mtaani. Watu walikuwa wamejipanga barabarani toka juu hadi chini, kwenye vibaraza, kwenye mawe ya kufulia, wengine juu ya paa. Hawakuja kulaki. Walikuja kuona nikiaibika. Don Crisóforo alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya kijiji, miguu ameinyoosha, mikono kwapani.

Wimbo ukaisha. Mbwa mmoja akabweka, mtu akacheka.

“Jibu basi, katibu,” mwanamume mmoja akaniambia. “Si una mhuri? Upulize.”

Wakacheka wengi. Nilikwenda mpaka kwenye benchi. Nilimwambia don Crisóforo kwamba kosa ni langu peke yangu, aniadhibu mimi, asiwaadhibu watoto waliobeba ngoma mwendo wa saa tatu kwenye jua. Nilimwambia kwamba mama alikuwa akimpenda kwa ile tarumbeta yake. Sikuwa na aibu tena. Mtoto alianza kulia mgongoni, nikawa namtikisa huku nikiomba.

“Kaa chini, binti,” akasema. “Bado mmoja.”

Wimbo wa pili ukaanza.

Ngoma ilikuja polepole, pigo moja, kisha nafasi, kisha pigo. Kisha matarumbeta ya sauti nzito, chini kabisa. Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha mzee mmoja kwenye kibaraza akavua kofia, na aliyekuwa karibu naye, na kofia zikaendelea kuvuliwa kushuka mtaa mzima, kama upepo unavyopita kwenye shamba la mahindi. Don Crisóforo alikuwa ameshavua yake kabla hajajua amefanya nini. Aliitazama mkononi.

Ulikuwa wimbo wa maziko.

Wimbo wa maziko haujibiwi. Bendi inayokuja na msiba haingoji kulakiwa, haisimami msalabani, na hakuna aliyewahi kuizuia, si sisi, si wao, si hata miaka ile mibaya. Anayekuja kuzika anapita. Herminia miaka mitatu nyuma alikuja peke yake na mishumaa, wakamzuia, na kila mtu hapa anajua kwamba siku ile walifanya jambo lisilofanywa. Kwa sababu wanajua, hawataki litajwe.

Na sasa lilikuwa linatajwa, kwa matarumbeta ishirini.

“Herminia huyo,” don Crisóforo akasema, si kwangu, kwa kofia. “Hawakuja kwenye sherehe hata kidogo.”

Waliingia. Mbele alitembea dada yangu, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati, mishumaa na maua meupe mikononi kama siku ile. Nyuma yake wanawake wanane hivi, kisha bendi, watoto na wazee, viatu vyeupe kwa vumbi. Hakuna aliyewatupia jiwe. Lakini milango ilifungwa, mmoja baada ya mwingine, kila walipopita, na kila mlango ulifungwa kwa kishindo cha makusudi, mpaka ikawa kama ngoma nyingine inayopiga nje ya mpigo wa ile ya kwanza. Hawakugeuza shingo. Walipofika makumbusho, hawakuyatazama. Walipita tangazo langu, wakapita picha zangu kwenye kamba, wakapanda njia ya makaburini.

Niliwafuata. Nyuma yangu nilisikia doña Zenaida akifunga geti la ua wa makumbusho kwa mnyororo, sufuria zangu zote zikiwa ndani.

Kaburini bendi ilipiga mpaka mwisho wa wimbo, kisha wakakaa wakipangusa vyombo. Herminia alipiga magoti, akawasha mishumaa sita, mmoja ukakataa, akauwasha mara nne. Alisema na mama kwa lugha yetu ya nyumbani, chini chini, sikusikia. Nilimngoja ainuke. Alipoinuka sikujua nimkumbatie au nifanye nini, na yeye hakunisaidia.

“Miaka mitatu,” akasema. “Halafu unaniletea mhuri.”

“Dada—”

“Niliisoma mara mbili nikitafuta jina langu. ‘Ndugu kiongozi wa bendi.’ Mimi ni ndugu kiongozi wa bendi?”

Nikamwambia niliogopa. Ningemwandikia yeye, angezuiwa tena. Nilidhani bendi haitazuiwa.

“Barua bila mkate. Kiongozi wetu alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyu katibu wenu anatuita tukaaibike. Mimi ndiye niliyemwambia basi twende kwa msiba, wanadaiwa msiba. Tumeufanyia mazoezi tangu Jumatatu.” Akaangalia kaburi, si mimi. “Siku ile ulikuwa wapi?”

“Ndani. Nilikuwa namvika mama.”

“Nyumba yetu ni ya tatu kutoka msalabani. Niliita jina lako. Ulisikia?”

Ningeweza kusema sikusikia. Wanawake wa Yelaa walikuwa wametuzunguka, wananitazama kama watu wanavyomtazama aliyekamatwa.

“Nilisikia,” nikasema.

Herminia alivuta pumzi kwa pua, ndefu. Nilidhani atanipiga, na sikujisogeza.

“Haya,” akasema. “Angalau hudanganyi.” Akainua kikapu chake. “Watu hawa wamezika. Utawalisha au huwalishi?”

Kwetu waliozika hulishwa nyumbani kwa marehemu, na nyumba ya mama ndimo ninamoishi. Nilitangulia nikihesabu kichwani: maharage nusu chungu, kahawa ipo, mkate mkavu wa juzi, mayai tisa. Watu walikuwa thelathini na wanne. Waliingia wakakaa uani kwenye magogo, kwenye ndoo zilizogeuzwa, chini. Ng'ambo ya barabara watu wa Lachiyú walisimama ukutani, wanatazama kila kijiko. Niliwaza: mtu mmoja tu akirusha neno moja, yataanza ya msituni hapa, mbele ya mwanangu.

Herminia aliingia jikoni moja kwa moja, akafungua kabati la mama bila kuuliza, akachukua vikombe. Aliponikuta nakata mkate vipande vidogo ili vitoshe, alinipokonya kisu akavikata vidogo zaidi.

Ndipo Abundio akaja. Jicho moja, mabega kama mlango, sufuria kubwa ya tamale begani, ikitoa mvuke. Aliingia uani. Wanaume watatu wa Yelaa waliinuka, na mmoja wao, mwenye kovu kwenye mkono, akabadilika rangi. Nikajua bila kuambiwa kwamba hao wawili wanajuana. Abundio alimtazama kwa jicho lake kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu kuliko wimbo. Akaweka sufuria chini.

“Mama anasema,” akasema, “sufuria zirudi safi.”

Akaenda kuleta ya pili. Yule mwenye kovu alibaki amesimama mpaka ilipokuja ya tatu, kisha akakaa, na hakula.

Walipokuwa wanamaliza, don Crisóforo alikuja mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alisema kwamba viongozi wa kijiji wameketi tayari, na kwamba Jumapili ya wiki ijayo nitasimama mbele ya mkutano, na swali litakuwa moja. Kijiji hakikuwaita watu hawa. Bendi haikuwaita. Barua ya makumbusho iliita bendi ya sherehe, na hii haikuja kwa sherehe. Basi wanataka kujua ni nani aliyewaita.

Herminia alikuwa jikoni, mwanangu kiunoni mwake. Sikujua amemchukua saa ngapi.

“Anasema nini huyo?” akauliza.

“Anauliza nani aliwaita.”

“Mwambie ni mama.”

Don Crisóforo alisikia. Alimuuliza Herminia, kwa sauti ya ukali kama ya mwalimu, ni nani aliyekuwa anapiga tarumbeta ya pili, maana alikuwa anachelewa kila akibadilisha nota. Herminia akamwambia ni shemeji yake. Don Crisóforo akasema mwambieni akaze mdomo, wimbo wa maziko haupigwi na watu waliolegea. Kisha akaondoka.

Waliondoka saa kumi na moja, bila muziki. Herminia alinirudishia mtoto msalabani. Aliuliza jina lake, nikamwambia Tomasa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa mzigo, akanigeuzia mgongo. Hakusema atakuja tena. Sikumuuliza.

Mkutano ulikaa Jumapili kuanzia baada ya misa hadi saa tisa. Nilisimama muda wote huo, mtoto akilala na kuamka na kulala. Nilisemwa kila jina. Mmoja alisema nimewauza, mwingine akasema sina akili ya kuuza, nimewapa bure. Mmoja alitaka nitolewe kwenye orodha ya maji. Waliponiuliza nani aliwaita, nilisema jibu la dada yangu, na wanaume walipiga kelele mpaka mwenyekiti wa kijiji akagonga meza kwa fimbo yake ya madaraka. Kisha yule mzee wa picha, aliyekula kwa Plácido, akaomba kusema. Alisema siku ile ya mishumaa yeye pia alikuwa wa zamu msalabani. Akasema hilo tu, akakaa. Baada ya hapo kelele zilikuwa nyingi lakini hazikuwa na nguvu ileile.

Chama cha mbolea hakikupewa vyumba. Walikuwa wamechoka kubishana, wakaliahirisha suala hilo. Adhabu yangu ilipendekezwa na doña Zenaida mwenyewe. Alisema kunifukuza ni kunipumzisha. Alisema nitumikie mwaka wa pili mfululizo, bila kupumzika kama wengine wanavyopumzika, nifute vumbi la vichwa vya mawe mpaka nijifunze. Mikono ikainuka, karibu yote. Niliinamisha uso nikamrekebisha mtoto kwenye mbeleko, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, wasinione nikitabasamu.

Hiyo ilikuwa jana. Leo nimefungua, nimefagia, nimeandika jina la Plácido chini ya picha, na doña Zenaida amelitoa. Kesho nitaliandika tena. Kesho kutwa, nikipata mtu wa kunishikia ufunguo, nataka kwenda Yelaa kwa miguu nikamwambie Herminia kwa mdomo wangu kile mkutano ulichoamua. Wao pia wana msalaba wao wa kuingilia, na wanaume wao wa zamu, na mimi sina bendi. Nimekwisha kumfulia mtoto nguo za safari.